Betri za drili za mtandaoni: kwa nini naulizia uzito kabla ya bei

Kijana mmoja wa Kisauni ninayefanya naye kazi hapa Kakamega alinijia juzi baada ya chakula cha mchana, simu mkononi, uso umemng'ara. "Ami, hebu tazama hii." Lilikuwa tangazo la betri mbili za drili pamoja na chaja yake, zote kwa shilingi 3,800, mzigo kuletwa hadi mlangoni. Rangi ni ile ile ya kampuni kubwa tunayoijua sote, nembo ni ile ile, na ubavuni zimeandikwa volti 18 na 9.0Ah. Dukani hapa mjini tulikuwa tumeulizia betri moja tu ya asili, ya 5.0Ah, tukatajiwa zaidi ya elfu kumi na mbili. Kijana alikuwa ameshatia pesa kwenye M-Pesa. Alichongoja ni kauli yangu tu, maana yeye ndiye mwenye drili na mimi ndiye mwenye kovu.

Kovu lenyewe ni dogo, liko kiganjani mkono wa kushoto, na nilipewa na betri ya aina hiyo hiyo, niliyoiagiza kwa njia hiyo hiyo. Wiki za mwanzo sikuona ubaya wowote. Nilijisifu karakanani kwamba nimewapiga chenga wenye maduka. Baadaye drili ikawa inazimika nikigusa zege, betri inatoka imepata moto hata haishikiki, na chaji ya usiku kucha haifiki saa nne asubuhi. Nikadhani ugonjwa ni wa drili. Siku hiyo betri iliisha mapema kama kawaida yake, na stima ilikuwa imepotea. Iliporudi adhuhuri nikaichomeka kwenye chaja juu ya meza ya kazi, nikatoka nje kula. Tukasikia kitu kinafoka kama sufuria ya presha inayotoa mvuke, halafu ikaja harufu tamutamu kama ya rangi ya kucha, halafu mshindo. Nilipokimbilia ndani, meza haionekani kwa moshi. Nikafanya kosa ambalo nadhani wengi wangelifanya: niliinyakua kwa mkono ili niitupe nje. Plastiki iliyoyeyuka ikabaki nami. Mwenzangu alimwaga maji ndoo mbili, na Mungu alijalia maranda yalikuwa yamefagiliwa asubuhi hiyo na kopo la thina lilikuwa upande wa pili wa chumba.

Mlango wa mvule wa mteja uliungua ubavu mmoja, nami nikautengeneza upya kwa mbao niliyonunua kwa pesa zangu. Hapo pekee zilikwenda betri mbili za asili. Lakini kilichoninyima usingizi si mlango. Usiku uliotangulia, betri ile ile ilikuwa kwenye chaja nyumbani, sakafuni, kando ya godoro wanalolalia wanangu wawili, na chandarua kimeishukia.

Nawaandikia watu wa kwetu pwani kwa sababu tuko wengi tulioletwa bara na kazi za dari, aluminiamu na milango, na kwa sababu biashara hii haina mwenyeji. Anayeagiza yuko Kakamega, anayelipa ni kaka yake aliyeko Bamburi, na mzigo unasafiri usiku mzima chini ya basi lililojaa watu. Sote tumo.

Nianze na hesabu, kwa kuwa hesabu haikulazimishi kufungua kitu.

Betri ya drili ya volti 18 si kitu kimoja. Ni sanduku la plastiki lenye seli za mviringo zilizopangwa kwa safu, kila moja mfano wa betri ya tochi iliyonenepa kidogo. Aina iliyoenea huitwa 18650, na jina hilo ni vipimo vyake: upana milimita 18, urefu milimita 65. Seli moja ya lithiamu huwa na volti 3.6 hivi, na ikijaa kabisa hufika 4.2. Unganisha tano kwa mfuatano upate 18. Zikijaa zote, 21. Ndiyo maana kampuni moja huandika 18, nyingine 20, nyingine 21, na zote zimehesabu seli tano zile zile. Anayekuuzia "21" kana kwamba ni mbabe wa "18" hajakuongezea hata chembe. Mtandaoni utakutana pia na mashine zilizoandikwa 88VF au 128VF. Hiyo F iliyobandikwa nyuma ya V ndiyo mlango wa kutorokea, kwa sababu hiyo tena si volti, na ukipima kwa mita aghalabu unakuta 18 hadi 21 zile zile.

Sasa hizo Ah, yaani ampea-saa. Volti ni msukumo wa maji, Ah ni ukubwa wa mtungi. Seli bora kabisa ya 18650 hubeba karibu 3.5Ah, na zile zenye uwezo wa kuhimili vishindo vya drili mara nyingi ni 2.5 hadi 3. Sanduku la kawaida tunalolijua, lile linaloingia kiganjani, linameza seli kumi: tano kwa mfuatano, kisha tano nyingine sambamba nazo. Kwa hiyo mtungi wake ni mara mbili ya seli moja. Mara mbili ya 2.5 ni 5, mara mbili ya 3 ni 6, na ukitumia seli bora kupita zote utafika 7. Hiyo 9.0Ah aliyoonyeshwa kijana wangu, katika sanduku la ukubwa ule wa seli zile, haiingii. Hapo suala la ubora hata halijafikiwa; ni nafasi tu, sawa na mtu kukuambia ametia lita thelathini kwenye dumu la ishirini. Kuna seli nene zaidi, 21700, ambazo moja hufika hadi 5Ah, na kwa hizo betri ya 8 au 10 hupatikana kihalali. Lakini sanduku lake ni kubwa zaidi, ni zito, na bei yake haikaribii 1,900 kwa moja.

Neno hilo zito ndilo ninalolitaka. Seli moja ya 18650 ina uzito wa gramu 45 hivi. Kumi ni 450, kabla hujaongeza plastiki, bodi ya saketi na vyuma vya miguso. Betri ya asili ya 5.0Ah ukiiweka kwenye mizani huzidi gramu 600. Baada ya mkasa wangu nilipeleka ile betri ya pili iliyobaki kwa muuza sukari jirani. Ilikuwa gramu 340.

Mji huu wa Kakamega ulipata jina duniani miaka ya 1930 kwa sababu ya dhahabu, na mpaka leo wako watu vijijini pembezoni wanaoichimba kwa mikono. Sijamwona mnunuzi wa dhahabu anayelipa kwa kutazama picha. Hutoa mizani kwanza. Sisi mafundi tunalipia picha kwa kitu tunachokwenda kukilaza karibu na watoto.

Basi nikaifungua. Naomba asinifuate mtu katika hilo, maana bisibisi ikiteleza ikagusanisha pande mbili za seli, moto hauombi ruhusa. Ndani nilikuta seli tano badala ya kumi, na nafasi ya zile tano nyingine tupu. Seli zenyewe zilikuwa zimevikwa ngozi mpya ya plastiki isiyo na jina la aliyezitengeneza, na chini ya ngozi ile kwenye mbili kati yake kulikuwa na alama za kulehemiwa kwa zamani, kovu juu ya kovu. Hizo zilikuwa seli za kazi nyingine, zikazeeka huko, zikavishwa nguo mpya.

Kwa fundi hili lina maana kubwa kuliko linavyosikika. Seli iliyotolewa kwenye kompyuta ya mapajani imezoea kutoa umeme polepole, ampea chache tu. Drili ikikwama kwenye zege huvuta ampea 20, 30 na zaidi kwa muda mfupi. Katika betri ya seli kumi mzigo huo hugawanywa kwa safu mbili. Katika ile yangu ya tano, safu moja ya seli zilizochoka ilibeba wote. Ndiyo maana ilikuwa ikichemka. Betri ilikuwa ikinipa habari kila siku nami naipuliza ipoe.

Kilichokosekana hasa, hata hivyo, ni mlinzi. Ndani ya betri nzuri kuna bodi ndogo yenye nyaya nyembamba zinazokwenda kila kiungo cha seli. Kazi yake ni kupima kila kundi la seli peke yake, kupima na joto, na ikiona jambo haliendi sawa, kukata au kuifunga betri isichajiwe tena. Kampuni nyingine zimeweka akili hiyo ndani ya betri, nyingine zimeigawa na kuiweka kwenye chaja au kwenye mashine yenyewe, kwa hiyo betri na chaja yake ni kama watu wawili waliokubaliana lugha. Betri ya kuiga huchonga meno ya plastiki yafanane ili iingie, lakini lugha haijui, au inajua neno moja tu: "niko sawa." Yangu ilikuwa na bodi, taa nne za kijani zikawaka vizuri ukibonyeza, lakini nyaya za kwenda kwenye seli za kati hazikuwepo.

Tazama hatari yake kwa namba. Chaja inajua kwamba safari inaishia volti 21. Seli tano zikiwa na afya moja, kila moja inasimama kwenye 4.2. Lakini seli zilizookotwa huku na kule hazizeeki pamoja. Tuseme nne zimefika 4.1 tu, jumla ni 16.4. Chaja inaona bado haijatimia 21, inaendelea kusukuma, na hiyo ya tano inapandishwa hadi 4.6. Hakuna anayeipima hiyo peke yake. Seli iliyojazwa kupita kiasi huanza kuotesha lithiamu ya chuma ndani yake, mahali isipotakiwa, na vijiti vyake vinaweza kutoboa utando mwembamba wa plastiki unaotenganisha pande mbili. Utando huo wenyewe huyeyuka joto likifika karibu nyuzi 130. Pande mbili zikikutana, joto huzaa joto, majimaji ya kemikali yaliyomo yanageuka gesi inayoshika moto, na seli moja inamchoma jirani yake. Kufoka nilikokusikia ni gesi hiyo ikitoka kwa nguvu. Ile harufu tamu ni majimaji hayo, na moshi wake una sumu, ikiwemo gesi ya haidrojeni floridi inayochoma mapafu.

Moto huu una tabia nyingine inayowashangaza watu: kuufunika kwa blanketi au mchanga hakuuzimi upesi kama moto wa mafuta ya jikoni, kwa kuwa kemikali zilizo ndani ya seli hutoa oksijeni zikipata joto kali. Kwa betri ndogo kama hizi dawa ni kupoza. Zima umeme kwenye swichi kwanza, kisha maji mengi, kwa mbali, na uendelee kumwaga hata miali ikishazimika, maana huweza kuwaka tena. Kama moshi umeshajaa chumba, toa watu na ufunge mlango. Mlango wa mvule hutengenezwa tena.

Kuna watakaoniambia hata za kampuni kubwa zinaungua. Ni kweli, na historia ipo. Mwaka 2006 Dell iliita zirudi betri milioni 4.1 za kompyuta, zenye seli zilizotengenezwa na Sony. Mwaka 2016 Samsung iliondoa sokoni simu za Galaxy Note 7 baada ya betri zake kuwaka. Tarehe 3 Septemba 2010 ndege ya mizigo ya UPS iliyotoka Dubai ikiwa na shehena kubwa ya betri za lithiamu ilishika moto angani, ikaanguka ikijaribu kurudi uwanjani, na marubani wote wawili wakafa. Lithiamu haimwogopi mwenye jina.

Lakini hebu tazama kilichofuata katika visa vile viwili vya kwanza. Kulikuwa na mtu wa kuita. Kulikuwa na namba za matoleo, watu wakatangaziwa, wakarudisha, wakalipwa au kubadilishiwa. Sasa hizi betri zetu za 1,900, siku ikigundulika kwamba kundi lote lililoingia mwezi fulani ni bovu, nani atakupigia simu? Mimi nilipomwandikia aliyeniuzia na kumtumia picha ya meza iliyoungua, aliniambia nimeitumia vibaya, kisha akanifungia. Baada ya wiki jina lake lilikuwa halipo tena, ingawa picha zile zile za betri zilikuwepo, kwa jina jingine.

Na zile nyota tano chini ya tangazo zisikulaze. Zisome tarehe zake. Wengi huandika siku mzigo ulipofika: "Imefika haraka, imefungwa vizuri, inawaka." Hata yangu iliwaka. Ningeulizwa siku ile ningetoa nyota tano na duaa juu yake.

Hapa ni lazima nitofautishe vitu viwili, kwa sababu huchanganywa kila siku, na wenye maduka wengine hupenda vichanganyike. Betri ya kampuni nyingine iliyotengenezwa ili iingie kwenye drili yako, ikabeba jina lake yenyewe, anwani yake na dhamana yake, hiyo si bandia. Inaweza kuwa nzuri au mbaya, na ni juu yako kuipima, ijapokuwa mtengenezaji wa drili anaweza kukataa dhamana yake ukiitumia. Betri iliyobandikwa nembo ya kampuni ambayo haikuitengeneza ndiyo ghushi. Huyu wa pili ameanza biashara kwa uongo mlangoni kabisa, na mimi sioni kwa nini awe mkweli kwa kitu kilichofichwa ndani ya plastiki.

Sheria ya Kenya inalijua jambo hili. Kuna sheria ya mwaka 2008 dhidi ya bidhaa ghushi, na mamlaka iliyoundwa kwa sheria hiyo inapokea malalamiko na kukamata mali. Bidhaa zinazotoka nje na kuuzwa kwa rejareja zinatakiwa kubeba stika ya ISM ya shirika la viwango, KEBS, na namba iliyo kwenye stika huthibitishwa kwa ujumbe mfupi kupitia 20023. Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inampa mlaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya kupewa habari, ya kulindwa afya na usalama wake, na ya kulipwa fidia akipata hasara. Haki nzuri sana. Tatizo ni kwamba inahitaji mtu wa kumshika. Muuzaji aliye dukani kwenye barabara ya kwenda Mumias namjua, najua na anaswali wapi. Wa mtandaoni alikuwa picha na namba ya simu. Ndiyo maana risiti yenye jina la duka, hata kama betri imeagizwa kwa mtandao, kwangu ina thamani ya pesa taslimu. Niko tayari kuilipia zaidi.

Nimeulizwa pia kuhusu wale mafundi wanaofufua betri kwa kutia seli mpya. Wako hodari. Lakini swali linarudi pale pale: seli umezitoa wapi? Januari 2021 tume ya usalama wa bidhaa ya Marekani iliwaonya wananchi wake wasinunue wala kutumia seli za 18650 zinazouzwa moja moja, kwa kuwa zimekusudiwa kuwa ndani ya betri yenye ulinzi, si kutembea peke yake. Fundi asiyeweza kukuonyesha seli zilikotoka, na asiyezipima moja moja kabla ya kuzioanisha, anakutengenezea ile ile niliyoifungua mimi.

Kuhusu kuchaji sina mengi, kwa sababu wengi wanayajua, ila hawayatendi. Chaji mchana ukiwa macho, juu ya saruji au vigae, mbali na thina, vanishi na maranda, si kitandani wala chini ya chandarua. Betri iliyotoka kazini ikiwa moto iache ipoe kwanza. Iliyonyeshewa, na hapa Kakamega mvua ya alasiri haikosi, usiitie kwenye chaja hadi ikauke na uikague. Kwetu pwani adui ni mwingine: chumvi inakula miguso ya shaba, na joto. Gari lililofungwa vioo juani Likoni likingoja feri ni tanuri, usiache betri humo. Iliyoanguka kutoka juu ya ngazi, iliyopasuka au inayonuka, iondoe kazini hata kama taa zake zote nne zinawaka. Usiitupe jalalani, maana majalala yetu huchomwa moto. Nairobi kuna WEEE Centre wanaopokea taka za umeme, na maduka mengine makubwa ya vifaa huzipokea ukiwauliza.

La safari nalieleza zaidi, kwa kuwa ndilo linalowahusu wasiokuwa mafundi. Ndege za abiria zina kanuni: betri za akiba za lithiamu hubebwa mkononi, kamwe si kwenye mzigo unaoingia chini, ili moto ukitokea uonekane na kushughulikiwa. Kipimo ni wati-saa, unachokipata kwa kuzidisha volti na Ah. Betri ya 18 na 5.0 ni 90, chini ya 100, inapita bila kibali. Kati ya 100 na 160 unaomba ruhusa ya shirika la ndege. Kupita 160 abiria haruhusiwi. Sasa chukua ile ya kijana wangu: 18 mara 9 ni 162. Kwa uongo wake yenyewe imejinyima ndege. Lakini kwenye mabasi yetu hakuna anayeuliza. Mzigo umeandikwa "spea", umekandamizwa chini ya gunia la nazi na sanduku la bibi harusi, saa kumi na kitu za barabara kutoka Mombasa. Ndugu ukiombwa utume betri, angalau zibe miguso yake kwa gundi ya umeme, zisigusane na vyuma, iwe kwenye boksi lake gumu, na umwambie karani wa basi ni nini. Akikataa kuipokea, amekataa kwa haki.

Kijana alinisikiliza yote hayo, kisha akasema neno ambalo sina jibu lake zuri. "Ami, elfu kumi na mbili ni kazi ya wiki." Ni kweli. Umasikini ndio unaouza betri hizi kuliko ujinga. Tulikaa tukapiga hesabu nyingine. Kazi zake nyingi ni za ndani ya nyumba zenye stima, kwa hiyo drili ya waya na mkebe mmoja wa nyaya ndefu vinamfikisha, kwa bei ndogo kuliko betri moja ya asili. Mimi mwenyewe karakanani nimerudi kwenye waya na sioni haya. Kwa zile siku za juu ya paa, au siku stima imepotea, kuna betri ndogo ya asili ya 2.0Ah, inaisha haraka, lakini inaisha kwa uaminifu. Mwenye hadiwea alikubali kumwekea moja, alipe kwa mafungu mawili, risiti aandikiwe mwisho.

Kabla hajafuta lile tangazo nilimwomba anifanyie jambo moja. Amwandikie muuzaji, kwa adabu, amwombe aweke betri moja juu ya mizani na kutuma picha, kisha atalipa papo hapo. Tuliweka simu mezani tukaendelea kupiga skrubu. Jibu lilikuja baada ya swala ya alasiri.

"Bro, wewe wataka betri ama nyama?"